Fundi Aliyewinda Mvumo

Fundi wa redio hakuwahi kumrudishia mtu kitu ambacho hakijapona. Ndivyo alivyosema mwenyewe, kupona, kana kwamba redio ni mgonjwa. Ukimletea redio yako leo, ukarudi kesho ukaikuta inaongea vizuri lakini inakwaruza kidogo ukigusa kitufe cha sauti, hakupi. "Sitoi kazi mbichi," anasema, na anaigeuza tena kifudifudi mezani.

Watu walikasirika. Mama wa chai, aliyekuwa akipika mbele ya kibanda chetu, aliwahi kumwambia, "Fundi, mimi nasikiliza matangazo ya vifo tu. Huko kukwaruza kutanizuia nini kujua nani kafa?"

"Utamsikia marehemu vibaya," akamjibu.

Redio ile ilikaa kwake wiki mbili zaidi, na mama wa chai akawa anakwenda misibani kwa kuambiwa na majirani.

Niliishi jirani yake hapo kazini miaka minne. Kibanda kilikuwa kimoja, kwenye njia ya vumbi inayoshuka sokoni Karatu, kikagawanywa katikati kwa ukuta wa mbao. Upande mmoja yeye na redio zake, upande wa pili mimi na cherehani yangu ya kukanyaga. Mbao zile zilikatwa zikiwa mbichi, zikakauka zikaachana. Kupitia nyufa niliona mkono wake, nusu ya koti lake la kazi, na moshi wa risasi ya kulehemu inayoyeyuka. Sauti zilipita zote.

Mimi nilimaliza darasa la saba nikaja kwenye cherehani, na sauti yangu mbele ya watu ilikuwa haitoki. Mteja akiuliza bei, namwonyesha kwa vidole. Fundi aliniambia kila mara, "Binti, unaongea na shati lako. Inua kichwa." Nikiambiwa hivyo naona aibu, nainama zaidi. Siku hizo sikufikiri kwamba huenda tatizo halikuwa sauti yangu peke yake.

Kabla ya kufungua kitu chochote alikigusa kwanza kwa mgongo wa mkono, kama mama anayepima homa ya mtoto. Alipanga skrubu kwenye kifuniko cha sufuria kwa namna zilivyotoka, na mtu akikisogeza kifuniko hicho siku imeharibika. Vijana wa bodaboda walimwomba awafundishe kazi, akawafukuza. Mimi sikumwomba, lakini alinifundisha. Alikuwa akifanya kazi huku akiongea kupitia mbao, bila kunitazama, na mimi nikikanyaga cherehani polepole ili nisimkose. Kwa waya alikuwa na subira ya ajabu, kwa binadamu hakuwa nayo hata kidogo.

Na jambo lililonishangaza zaidi, hakupenda muziki. Redio ikishapona, anasikiliza kidogo, anaizima. Mama wa chai alimuuliza kwa nini hawezi kutuachia hata wimbo mmoja. Akasema, "Mimi natengeneza njia. Anayepita humo simjui."

Huyo ndiye mtu aliyeletewa santuri na mzee wa Ngorongoro.

Mzee alikuja siku ya mnada, baada ya kuuza mbuzi wake. Alikuwa mrefu, shuka mbili, fimbo, na kandambili za tairi. Alinipita mlangoni akaniamkia kwa Kimaasai, "Takwenya." Nikaitikia, "Iko," kwa shati langu. Akaingia kwa Fundi, akafungua ngozi ya mbuzi iliyokunjwa, na ndani kulikuwa na santuri.

"Hii ni nini?" Fundi aliuliza.

"Ni baba yangu."

Fundi hakucheka. Mzee akaeleza, na mimi nikaacha kukanyaga. Alisema yeye alikuwa bado mgongoni mwa mama yake wakati mzungu mmoja alipopita kwenye boma lao na mashine ya kuchukua sauti. Baba yake akaimba wimbo wa ng'ombe wake, akiwataja mmoja mmoja, na vijana wenzake wakamwitikia. Mzungu akaondoka. Mwaka uliofuata baba akafa kwa kuugua tumbo. Muda mrefu baadaye santuri ikaja kupitia misheni, na mama yake akaiweka kwenye sanduku la bati. Hawakuwa na mashine ya kuipigia. Mama akafa, sanduku likawa lake.

"Sijawahi kumsikia," mzee alisema. "Humo ndani baba ni kijana. Mimi sasa ni mzee kuliko yeye. Nataka nimsikie huyo mtoto anasemaje."

Fundi aliigusa santuri kwa mgongo wa mkono. Ilikuwa imepinda pembeni kama sahani iliyokaa karibu na moto. Upande mmoja alikuwa baba, upande wa pili wanawake wa mahali pengine. Akasema, "Mnada ujao, mzee wangu. Utamsikia."

Mashine ya santuri alikuwa nayo. Aliipata kwenye hoteli moja ya watalii ilipokuwa inatoa vitu vyake vya zamani, bila kifuniko, bila sehemu yake ya kukuza sauti. Kwa hiyo sehemu hiyo akaitengeneza mwenyewe, kutoka kwenye matumbo ya redio zilizokufa. Aliniambia kupitia mbao kwamba sauti inayotoka kwenye sindano ya santuri ni ndogo kama pumzi ya mtoto aliyelala. Huwezi kuipeleka kwenye spika hivyo hivyo. Lazima ipite kwanza kwenye kisanduku cha kuinyanyua. Tena sauti nzito zinapunguzwa wakati santuri inachongwa, kwa hiyo kisanduku kinatakiwa kuzinyanyua hizo kuliko nyingine.

"Hapo ndipo shida inapoingia," alisema. "Umeme wa ukutani nao una sauti yake, nzito. Ikipata mlango, inanyanyuliwa pamoja na mwenye nyumba."

Ilipata mlango. Siku ya kwanza alipowasha nilidhani nyuki wameingia kibandani. Mvumo ulijaa hadi kwenye meza yangu, mkasi ukatetemeka. Nyuma ya mvumo, mbali sana, kulikuwa na mtu anaita.

"Umemsikia?" Fundi alisema. "Yumo. Ngoja tumtolee hizi kelele chumbani."

Kuanzia hapo aliwinda mvumo ule kama mtu anayewinda panya anayemlia mahindi. Mara moja tu aliziba mdomo wa kisanduku, pale sauti ya santuri inapoingilia, kwa kipande cha waya, mvumo ukapungua lakini haukuisha. "Nusu ni wa kisanduku chenyewe, nusu unatoka kwa mgeni," akasema. Akabadilisha kapasita zilizokauka. Akaitoa transfoma ndani ya kisanduku, akaiweka mbali, akaigeuza ubavu, akaigeuza tena. Akazikusanya waya zote za ethi, zile za kupeleka umeme uliopotea ardhini, akazifunga mahali pamoja, kwa sababu zikiwa na vikao viwili, alisema, zitagombana na sisi tutasikia ugomvi. Akachimbia nondo nyuma ya kibanda, na kila asubuhi akaimwagilia maji ya chumvi.

"Fundi, unapanda nini huko?" mama wa chai aliuliza.

"Chuma."

"Kikiota unigawie."

Baada ya hapo kila alipogusa kitu alijaribu. Na kujaribu kwake kulikuwa kwa namna moja tu: anapiga santuri ile ile, kuanzia mwanzo. Angeweza kuwasha kisanduku bila santuri akasikiliza mvumo peke yake. Alikataa. "Mvumo bila wimbo hausemi ukweli," alisema. Lazima aweke sauti ya mtu kwanza kwenye kipimo chake, ndipo asikilize kilichobaki chini yake. Na kwa kuwa santuri ilikuwa imepinda na sindano ilikuwa inarukaruka, alifunga nati ndogo kwa utepe juu ya mkono wa mashine ili iikandamize.

Mimi ni mshonaji. Najua sindano butu inavyokiharibu kitambaa. Niliiona ile nati kupitia ufa, nikafikiri hivyo, nikaendelea kushona.

Siku za mnada mzee alikuja. Hakukosa hata moja. Alisimama mlangoni akiwa na harufu ya mbuzi na baridi ya mlimani.

"Fundi, baba bado amelala?"

"Ameamka, mzee wangu, ila chumba kina kelele."

"Nisikie hivyo hivyo. Mimi nimezoea kelele, nina wajukuu."

"Hapana. Sitoi kazi mbichi. Nikikupa leo utambeba na mvumo wake mpaka kaburini."

Mzee anacheka, anainamia fimbo, anaangalia mashine. Mara moja alinyoosha kidole akagusa mkono wa mashine, Fundi akampiga kidole kidogo, kama mtoto. Wakacheka wote wawili. Kisha mzee anakwenda kunywa chai, anamsimulia mama wa chai kwamba kwenye wimbo huo yumo ng'ombe mwekundu aliyetumika kumwoa mama yake. Alikuwa ameambiwa hivyo na mama, na alitaka kulisikia jina la ng'ombe huyo kwa mdomo wa baba.

Siku ya kopo naikumbuka vizuri kuliko siku nyingi za maisha yangu. Mvua za masika zilikuwa zimeanza, na magari ya watalii yanayopanda kwenda getini Ngorongoro yalikuwa yanapita yakiwa yamepakwa tope hadi madirishani. Fundi alipata kopo kubwa la maziwa ya unga. Akalitoboa, akakiingiza kisanduku chote ndani, akafunga waya kutoka kwenye kopo hadi kwenye nondo ya nyuma. "Sasa nimemvika koti," akasema. Akawasha. Akashusha sindano.

Mvumo haukuwepo.

Nilisikia mkwaruzo mdogo kama wa punje za mchanga, halafu mwanaume kijana akaanza kuita. Sauti yake ilikuwa nyembamba na yenye furaha, inapanda, inakatika, inaanza tena. Nyuma yake wenzake waliguna kwa pamoja kutoka kifuani. Sijui Kimaasai zaidi ya salamu, lakini nilijua anataja, kwa sababu kila baada ya kutaja alinyamaza kidogo, kama mtu anayemwacha ng'ombe apite kwanza. Miguu yangu ilisimama juu ya cherehani. Nikasubiri Fundi aseme kitu.

Akazima. Akavuta pumzi. "Bado inavuma," akasema.

Nilifikiri nimesikia vibaya. Kisha nikafikiri mafundi wanasikia vitu tusivyovisikia sisi. Labda kuna mvumo mwembamba wa wajuzi. Mimi nani, wa darasa la saba, wa kumwambia mtu aliyeponya redio za Karatu nzima kwamba kazi yake imekwisha?

Aliendelea. Alifungua kopo, akalifunga, akapiga santuri. Akabadilisha waya, akapiga santuri. Wimbo ule ulikuja kwangu ukiwa safi kila mara, asubuhi na mchana, mpaka nikawa nakanyaga cherehani kwa mwendo wake. Niliujua wote, kila mahali anapovuta pumzi. Na kila ulipokwisha Fundi alisema lile lile.

Siku moja umeme ulikatika mchana. Feni ya kinyozi wa ng'ambo ikasimama, mashine ya kusaga ya jirani ikanyamaza, mtaa mzima ukatulia. Fundi alitoka akasimama mlangoni kwangu. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeona jambo la kutisha.

"Binti, unausikia?"

"Nini, Fundi?"

"Mvumo. Umeme haupo na bado unavuma. Tega sikio. Unausikia?"

Kulikuwa na kimya kabisa. Nilisikia chai ikichemka kwa mama wa chai. Fundi alikuwa ananitazama machoni, na mimi siwezi kumtazama mtu mzima machoni.

"Ndiyo, Fundi," nikasema.

Akatikisa kichwa taratibu. "Basi unatoka kwingine," akasema. "Unatoka ardhini." Akarudi ndani, na umeme uliporudi akang'oa nondo akaichimbia upande mwingine, akapiga santuri.

Sikumwambia kwa sababu ya heshima, nilijiambia hivyo. Sasa najua haikuwa heshima. Nilitaka tu aache kunitazama.

Wimbo ulianza kuondoka kidogo kidogo, sindano ikiula kila inapopita. Kwanza ncha za sauti zikachakaa, kama kola ya shati inayofuliwa kila siku. Kisha wale wa nyuma wakazama. Kisha mkwaruzo ukawa mkubwa kuliko yule kijana. Nilisema moyoni kesho nitamwambia. Kesho ilipofika alikuwa amekasirika, au kulikuwa na mteja, au mvua inapiga bati.

Mzee alikuja siku isiyokuwa ya mnada. Hakuwa na mbuzi. Alisema wanawe wanahama, wamepata mahali mbali, kusini huko, na yeye anawafuata. Gari linaondoka kesho. "Fundi, sina mnada mwingine," alisema. "Nipe hivyo hivyo."

Kwa miaka yote minne sikuwahi kumwona Fundi akitoa kazi mbichi. Akavuta kigoda, akamkalisha mzee karibu na spika.

"Nisamehe, mzee wangu. Itavuma."

"Ivume."

Nilitoka nikasimama mlangoni kwao na suruali ya mtu mkononi, sindano bado imeingia kwenye pindo. Fundi akashusha mkono wa mashine. Kikatoka kitu kama mvua juu ya bati. Hapakuwa na mvumo, na hapakuwa na mtu. Mzee aliinamisha kichwa mpaka sikio likagusa spika.

"Anaimba?" aliuliza.

Fundi aliusoma mdomo wake. Sasa najua aliusoma. "Anaimba," akasema. "Yuko chini ya huo mvumo. Mfuate chini."

Mzee alifumba macho akamfuata chini. Mvua ikanyesha kwenye spika mpaka mwisho wa upande ule. Mimi wimbo nilikuwa nao kichwani wote. Majina sikuyajua maana yake lakini mlio wake nilikuwa nao, hata yule ng'ombe mwekundu lazima alikuwa mmoja wao. Ningefungua mdomo tu. Nilishika suruali.

"Ana sauti ya mbali," mzee alisema mwishoni. Akaifunga santuri kwenye ngozi yake, akamshika Fundi mkono kwa mikono miwili, akamshukuru. Aliponipita alisema tena salamu yake, na nadhani nilimwitikia.

Baada ya hapo Fundi hakuwa na hamu. Redio za watu zilijaa mezani. Wateja walilalamika kwamba wanaongea naye na yeye anajibu mambo mengine. Siku moja mwanawe alikuja na gari, wakafunga kibanda. Ni mama wa chai aliyeniambia baadaye, huku anakoroga sukari, kwamba walimpeleka hospitali na daktari akasema masikio yamekwisha, na kwamba kabla hayajaisha yalikuwa yanajipigia kelele yenyewe kwa ndani, muda mrefu. "Maskini, alikuwa anasikia nyuki," mama alisema. "Na hakumwambia mtu."

Alikuwa ameniambia mimi. Aliniuliza.

Nilikaa na hilo mpaka mavuno. Nilikuwa na koti lake la kazi, alikuwa ameniachia nimshonee mfuko. Nikalikunja, nikapanda gari la kwenda Mbulumbulu, anakoishi mwanawe.

Nilimkuta uani kwa mwanawe, amekaa juu ya gunia, anachambua maharage kwenye ungo. Mkwewe na majirani watatu walikuwa wanapiga maharage kwa fimbo kando yake, na vumbi limewajaa kichwani. Nilimwamkia, hakuitika. Nikamwekea koti mapajani. Akaingiza mkono kwenye mfuko mpya, akaona mimi ni nani.

"Binti wa cherehani!" Aliongea kwa nguvu sana, kama watu wasiosikia. "Umekuja kuongea na shati lako?"

Nikasema nilichokuja kusema. Akaweka kiganja sikioni. "Sema juu!"

Nikasema tena.

"Juu, binti! Nina nyuki humu!"

Wale wanawake walikuwa wananiangalia. Nikavuta pumzi nikapiga kelele ambayo sijawahi kuipiga tangu nizaliwe. "Mvumo uliisha, Fundi! Uliisha siku ya kopo! Nilisikia!"

Fimbo zilisimama. Mkwewe aliuliza kitu kwa Kiiraqw.

"Siku ya kopo?"

"Siku ya kopo!"

"Wimbo ulikuwaje?"

"Safi!"

"Safi?"

"Safi, Fundi! Kama yuko mlangoni!"

Uso wake ulifunguka. Miaka minne sikuuona hivyo. Alinyanyua mikono yake miwili akaiangalia, kwanza upande wa viganja, halafu mgongo. "Basi nilikuwa nimeitengeneza," akasema. "Ilikuwa imepona."

Akachukua maharage mengine, akaanza kuchambua haraka haraka, anatupa yaliyooza, anatikisa kichwa kwa furaha. Fimbo za wanawake zikaanza tena. Kisha mkono wake ukaanza kwenda polepole. Ukasimama katikati ya ungo.

"Na mimi nikaendelea kuipiga," alisema. Safari hii hakupaza sauti.

Nilikaa chini, kando ya ungo wake.

"Baada ya kopo. Niliipiga mara ngapi?"

Aliinua uso akaweka kiganja sikioni, akanisubiri. Nilikuwa najua. Nilikuwa nimeushona wimbo ule, kila ulipopigwa, kwenye nguo za watu. Nikafungua mdomo nikamjibu, lakini sauti ile ya kelele ilikuwa imekwisha, nikamjibu kwa sauti yangu ya siku zote, kichwa chini, kwa shati langu.

Akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia, akarudi kwenye maharage.